Kompyuta Mpakato Isiyo na Sehemu ya CD: Usakinishaji Ukigoma, Umekwama Wapi?

Wateja wengi wanaonifikia hapa Mwanza wakiwa na kompyuta mpakato ndogo, za inchi 10 au 11, huwa wameshajipatia jibu kabla ya kuuliza: mashine haina sehemu ya kuwekea CD, kwa hiyo programu waliyonayo haiwezi kuingia. Jibu hilo ni la haraka mno. CD ni chombo cha kubebea faili tu, na faili hazijali zimebebwa na nini, kama vile gunia la mchele linaloenda Ukerewe lisivyojali limevushwa kwa meli au kwa mtumbwi, mradi lifike bila kulowa. Kwa hiyo usakinishaji unapogoma, jambo la kwanza la kuuliza ni safari ya faili imekatikia wapi: wakati wa kunakili, ndani ya chombo cha kubebea, wakati mashine inawaka, au baada ya programu kuanza kujisakinisha. Kila mahali pana dalili zake, na ukizitazama kwa makini utaona hazifanani.

Programu inakataa papo hapo unapoifungua

Ujumbe ukitokea mara tu unapobofya, ukisema kwamba programu hii haiwezi kuendeshwa kwenye kompyuta yako, mara nyingi sababu ni biti, yaani kiasi cha data ambacho prosesa (ubongo wa kompyuta) hushughulikia kwa mpigo mmoja. Kompyuta ndogo za kizazi cha kwanza, zilizoenea baada ya Asus Eee PC kutoka mwaka 2007 na kufuatwa na Acer Aspire One, HP Mini na nyinginezo, nyingi zilitumia prosesa ya Intel Atom N270, ambayo ni ya biti 32 pekee. Programu ya biti 64 haiingii humo hata uilete kwa flashi, kwa kebo au kwa intaneti. Bofya kulia kwenye alama ya kompyuta, fungua sehemu ya sifa zake, na usome mistari miwili: mmoja unaeleza aina ya prosesa, mwingine unaeleza aina ya Windows iliyomo. Prosesa ikiwa ya biti 64 lakini Windows ikiwa ya biti 32, programu bado itakataa, ila hapo una nafasi ya kubadilisha Windows. Vyote vikiwa vya biti 32, tafuta toleo la biti 32 la programu hiyo na usipoteze bando lako kwa kingine.

Zipo pia mashine mpya za bei nafuu zinazouzwa na Windows ya hali ya S, ambayo hukubali programu kutoka duka la Microsoft tu. Dalili yake hufanana na hiyo ya kwanza, isipokuwa ujumbe unakuelekeza dukani. Hali hiyo huondolewa kwenye mipangilio ya mfumo bila malipo, na ukishaitoa hairudi.

Kisomeo cha nje kinalia halafu kinanyamaza

Mwalimu mmoja alikuja asubuhi kutoka Nansio, akiwa na mashine yake ya inchi 10, DVD ya programu ya kutunzia alama za wanafunzi ndani ya bahasha ya kaki, na kisomeo cha DVD cha nje alichoazima kwa mwenzake.

"Shikamoo, mama mwalimu."

"Marahaba, fundi. Hiki kidude kinalia kama kinataka kuanza, halafu kinakata. Nimekijaribu jana usiku kucha."

Nilikichomeka nikasikiliza. Diski ilizunguka kwa pumzi moja, kikatoa mlio mdogo wa tik, taa ikazima, kisha kikaanza tena. Mlio huo ukijirudia kwa mpangilio, usiilaumu DVD kwanza, kwa maana ni njaa ya umeme. Tundu la USB 2.0 limewekewa kiwango cha kutoa miliampea 500, na la USB 3.0 miliampea 900, ilhali kisomeo cha DVD huweza kuhitaji ampea nzima au zaidi pale diski inapoanza kuzunguka. Kompyuta ya mezani mara nyingi huvumilia na kutoa ziada kidogo, lakini mashine ndogo hukata. Tiba ni kebo yenye vichwa viwili vya USB, ambavyo vyote huchomekwa ili kisomeo kinywe kutoka matundu mawili, au habu ya USB (kigawanya tundu) yenye adapta yake ya umeme. Kebo ya kurefusha, hasa ile nyembamba ya bei ya chini, huongeza tatizo, kwa sababu umeme hupungua njiani kabla haujafika.

Kabla ya kununua kebo yoyote, chungulia ndani ya tundu lenyewe kwa tochi. Mashine zinazotumika kwenye mialo ya wavuvi, Kirumba au kwingineko, hunifikia zikiwa na mchanga na magamba ya dagaa yaliyokauka juu ya zile bati nne za dhahabu, na hapo hata kisomeo kizima hakitasoma. Zima mashine, toa chaja, toa betri kama inatoka, kisha safisha kwa brashi laini ya mswaki iliyochovywa kidogo kwenye spiriti, na uache ikauke kabisa. Usitumie sindano; nimeshaona bati lililopindishwa hivyo likigusa jirani yake na tundu zima likafa.

Kwa mwalimu nilikuwa na kebo ya vichwa viwili, lakini mashine yake ilikuwa na tundu moja tu lililokuwa zima. Tukaamua kutumia flashi, na hapo ndipo tatizo la pili lilipojitokeza.

Flashi ina nafasi, lakini faili linakataa kuingia

Ukinakili kilichomo kwenye diski kwa kutumia kompyuta ya mezani yenye sehemu ya CD, ya rafiki au ya mahali wanapotoa fotokopi, unaweza kuambiwa kwamba faili ni kubwa mno ingawa flashi ni ya GB 16 na ni tupu. Hapo kinachogomba ni mfumo wa faili wa flashi, yaani namna inavyopanga faili ndani yake, wala si nafasi. Flashi nyingi huja zikiwa zimefomatiwa kwa FAT32, ambayo haiwezi kubeba faili moja linalofikia GB 4. CD ya MB 700 haiwezi kukuletea shida hiyo, lakini DVD ya kawaida hubeba GB 4.7, na ikiwa imejaa, ukiigeuza kuwa faili moja la ISO, yaani nakala ya diski nzima, utapita mpaka huo. Fomati flashi (yaani ifute na kuipanga upya) kwa mfumo wa exFAT au NTFS, baada ya kuhamisha vitu vyako, na faili litaingia. Mashine ya zamani yenye Windows XP haielewi exFAT bila nyongeza yake, kwa hiyo huko tumia NTFS.

Dalili mbaya zaidi ni ile isiyoonekana. Faili zote zinanakiliwa bila malalamiko, majina yake yanaonekana, ukubwa unasomeka, lakini usakinishaji unafika nusu na kusema kwamba faili limeharibika au halipatikani. Flashi ya mwalimu ilikuwa imeandikwa GB 64 na ilikuwa mpya kabisa. Niliipima kwa programu ya H2testw, ambayo huijaza nafasi yote tupu ya flashi kisha huisoma upya, na ikaonyesha kwamba uwezo wake wa kweli haukufika GB 8. Kilichobaki kilikuwa maandishi tu. Flashi feki za namna hii hubadilishwa kwa ndani ili ziidanganye kompyuta juu ya ukubwa wao, na kila kinachoandikwa kupita uwezo wa kweli hupotea kimya kimya. Kipimo chake huchukua saa moja au zaidi kwa flashi kubwa, na inafaa uhamishe vilivyomo kwanza, lakini ni nafuu kuliko kurudia usakinishaji mara tano bila kujua unapigana na nini. Kama huna muda wa kupima, tumia flashi ndogo ya GB 8 au 16 unayoifahamu.

Ikiwa faili lilipakuliwa kutoka intaneti, linganisha alama yake ya SHA-256, ambayo hukokotolewa kutokana na faili lenyewe, na ile iliyoandikwa na mtengenezaji. Kwenye Windows fungua dirisha la amri, andika certutil -hashfile, kisha jina la faili, kisha SHA256, nawe utapata herufi na tarakimu 64. Moja ikitofautiana, faili halikufika zima, na bando likikatika katikati ya upakuaji hiyo si ajabu.

Virusi vya njia za mkato navyo bado vinazunguka sana kwenye flashi zetu. Folda zote zinageuka kuwa alama zenye mshale mdogo, na ukibofya unaambukiza mashine. Faili zako hazijapotea, zimefichwa. Usibofye chochote. Safisha kwanza kwa programu ya kuzuia virusi, kisha kwenye dirisha la amri andika attrib -h -r -s /s /d, ukifuatisha herufi ya flashi na alama zake, kwa mfano E:\*.*, na faili zitaonekana tena.

Programu inaanza, kisha inadai CD

Mara nyingi kunakili folda yote na kubofya setup.exe kunatosha. Kama hujui ni faili gani la kuanzia, fungua autorun.inf kwa Notepad. Ndani yake pameandikwa jina la faili ambalo diski ingelifungua yenyewe. Programu yenye diski mbili au tatu nakili zote ndani ya folda moja, la sivyo itafika mahali ikuombe diski ya pili na haitaiona.

Programu nyingine zimeandikwa ziitafute CD kwa jina, na folda haizitoshi. Kwa hizo tengeneza faili la ISO kwenye kompyuta yenye sehemu ya CD, ukitumia programu kama ImgBurn, kisha lihamishe. Kuanzia Windows 8, ukibofya ISO mara mbili mashine huonyesha diski ya kubuni yenye herufi yake, na programu huridhika kwamba CD imo. Windows 7 haina uwezo huo peke yake, kwa hiyo utahitaji programu ya ziada ya kufungua ISO. Diski zenye kinga dhidi ya kunakiliwa hazitakubali njia hii, na hapo ni vyema kutumia namba ya leseni iliyo kwenye kasha kupakua toleo la mtandaoni kwa mtengenezaji. Draiva za printa, yaani programu za kuiendesha, usihangaike nazo hata kidogo: CD iliyokuja na printa huwa imeshapitwa, na draiva mpya iko kwenye tovuti ya mtengenezaji bila malipo.

Unasakinisha Windows yenyewe, lakini mashine haiioni flashi

Hapa ndipo kazi nyingi ilipo, na ndipo watu wengi huchanganya makosa matatu tofauti. Kunakili faili za Windows kwenye flashi hakutoshi. Flashi lazima iandaliwe iweze kuwasha mashine, kwa programu kama Rufus. Microsoft ina programu yake ya kuandaa flashi, nayo huomba flashi isiyopungua GB 8.

Kosa la kwanza ni kutofika kwenye orodha ya kuchagua chombo cha kuwashia. Asus Eee PC hutumia Esc, Dell F12, HP Esc au F9, Lenovo F12 au kitundu kidogo cha pembeni kinachobonyezwa kwa pini. Acer hutumia F12 pia, lakini kwenye nyingi ya mashine hizo kitufe hicho kimefungwa, na lazima kwanza uingie kwenye bayosi, programu ndogo inayoamka kabla ya Windows, kwa F2 ukiruhusu. Kama Windows iliyomo inawaka kwa haraka kiasi kwamba vidole havifiki, shikilia Shift huku ukichagua kuwasha upya, na utapewa ukurasa wa kuchagua flashi kwa utulivu.

Kosa la pili ni flashi kuandaliwa kwa mtindo usiolingana na mashine. Kompyuta za zamani huwaka kwa bayosi ya kawaida na diski ya MBR, zilizofuata huwaka kwa UEFI, mrithi wa bayosi, na diski ya GPT; MBR na GPT ni mipangilio miwili ya kugawa diski. Flashi iliyoandaliwa kwa UEFI peke yake haitaiwasha mashine ya mwaka 2009. Kinyume chake, ukiwasha kwa UEFI ukafika mahali pa kuchagua diski, na Windows ikakuambia haiwezi kuwekwa kwa sababu diski ina mpangilio wa MBR, flashi ni nzima na mashine ni nzima. Rudi uwashe kwa mtindo wa zamani, au ubadilishe diski kuwa GPT ukijua kwamba kwa njia ya kawaida kila kilichomo hufutika. Fundi anayebonyeza kufuta hapo kabla ya kumuuliza mwenye mashine kuhusu picha na nyaraka zake hastahili kushika mashine ya mtu.

Kosa la tatu liliniumiza kichwa siku nzima lilipokuja mara ya kwanza. Kuna mashine ndogo za mwaka 2013 na 2014, zenye Atom za kundi la Bay Trail, ambazo prosesa yake ni ya biti 64 lakini UEFI yake ni ya biti 32. Sifa za prosesa zinakuambia uweke Windows ya biti 64, unaiandaa, na flashi haionekani, kama vile haijachomekwa. Fungua folda ya efi kisha boot ndani ya flashi: ukiona bootx64.efi peke yake, mashine hiyo haitaisoma, kwa sababu inatafuta bootia32.efi. Weka Windows ya biti 32, na kila kitu kitakwenda.

Kabla ya kubadilisha chochote kwenye bayosi ya mashine ya karibuni, hakikisha mwenyewe anao ufunguo wa BitLocker, kinga ya Windows inayosimba diski isisomwe na mwingine, wenye tarakimu 48, ambao kwa kawaida huhifadhiwa kwenye akaunti yake ya Microsoft. Diski nyingi husimbwa bila mwenye mashine kujua, na badiliko dogo la mipangilio ya kuwasha linaweza kufanya mashine iudai ufunguo huo.

Wanaoweka Windows 7 hukutana na ujumbe wa ajabu: draiva ya kisomeo cha CD inakosekana, kwenye mashine ambayo haina kisomeo cha CD. Kinachokosekana ni draiva ya USB 3.0, ambayo kisakinishaji cha Windows 7 hakina. Kinawaka vizuri, kisha kinapoteza flashi yake chenyewe. Hamishia flashi kwenye tundu la USB 2.0, ambalo aghalabu ni jeusi badala ya bluu, rudi ukurasa wa mwanzo, uanze tena. Hata hivyo, Windows 7 iliacha kupata masahihisho ya usalama Januari 2020, na Windows 10 iliachwa tarehe 14 Oktoba 2025. Windows 11 inadai RAM ya GB 4, hifadhi ya GB 64 na TPM 2.0 (chipu ya usalama), na haina toleo la biti 32. Kwa mashine yenye RAM ya GB 1, mimi huwashauri watu waweke Linux (mfumo mwingine badala ya Windows) nyepesi kama antiX, ambayo imekuwa na toleo la biti 32, kuliko kuibebesha Windows itakayoifanya iwe kama jiwe.

Umeme nao upange. Betri ikiwa imekufa na mashine inategemea chaja peke yake, umeme ukikatika katikati ya usakinishaji utaanza upya, pengine na diski isiyowaka. Mashine kama hiyo iunganishe kwenye UPS (betri ya akiba ya umeme), au usubiri.

Nafasi na saa

Mashine zenye hifadhi ya GB 32 husomeka kama GB 29 na kidogo, na Windows ikishajaa masahihisho yake hubakiza nafasi finyu. Kuchagua kadi ya SD kama mahali pa kusakinishia husaidia nusu tu, kwa sababu kisakinishaji hufungulia faili zake za muda kwenye diski C, ile ya ndani ya mashine. Futa kwanza folda ya Windows.old (mabaki ya Windows ya awali) na faili za muda kwa zana ya usafishaji ya Windows.

Kama tovuti zinakataa kufunguka na kisakinishaji kinadai cheti hakijaanza kutumika, tazama tarehe. Mashine inayorudi mwaka 2009 kila inapozimwa ina betri ndogo ya saa iliyokwisha, mara nyingi CR2032. Wengine huandika saa tatu asubuhi kama 3:00, nalo kosa hilo la saa sita mara nyingi halizuii chochote. Kosa la miaka ndilo linalozuia.

Kitufe cha kuendelea hakionekani

Nikarudi kwa mwalimu, ambaye kufikia hapo alikuwa na flashi yangu ya GB 8, ISO iliyonakiliwa vizuri, na programu iliyofunguka. Akasema imeganda. Dirisha lilikuwa limesimama, pau ya maendeleo haipo, na hakuna cha kubofya. Skrini yake ilikuwa na nukta 1024 kwa 600, kama zilivyo nyingi za inchi 10, wakati kisakinishaji kilichorwa kwa ajili ya skrini yenye kimo cha 768. Vitufe vilikuwepo, chini ya ukingo wa skrini, mahali ambapo kipanya hakifiki. Dalili ya kutofautisha jambo hili na kuganda kweli ni rahisi: bonyeza Tab mara kadhaa na utazame kama kuna mstari wa nukta unaohama ndani ya dirisha. Ukihama, programu iko hai.

Ificheni kwanza pau ya chini ya Windows, nayo hurudisha nukta 40 hivi. Isipotosha, shikilia Alt ili herufi zenye mstari chini yake zionekane kwenye kile kinachoonekana. Kwenye visakinishaji vingi vya Kiingereza Alt na N husogeza mbele, Alt na I huanza kusakinisha, na Enter hukubali kitufe kilichochaguliwa. Kwenye ukurasa wa masharti, Alt na A mara nyingi huweka alama ya kukubali.

"Bonyeza Alt na N, mama, kwa pamoja."

Akabonyeza, ukurasa ukabadilika. Akabonyeza tena bila kuambiwa, kisha tena, na pau ya kijani ikaanza kutambaa kutoka kushoto.